Ukoo wa Wakutima

Kadi yenyewe haikuzidi ukubwa wa kiganja. Bi Lenzi aliilaza juu ya meza ya chumba cha wasomaji, akaisogeza hadi mwanga wa dirishani ukaipiga kwa ubavu, kisha akainama na kile kioo chake cha kukuzia kilichompa jina. Miaka thelathini na mmoja ndani ya polisi kazi yake ilikuwa moja tu, kukagua maandishi ya kughushi: vyeti vya ndoa, hati za nyumba, wosia ulioandikwa na marehemu wiki mbili baada ya kuzikwa. Sasa ana miaka minne tangu astaafu, lakini watu wenye karatasi za kutatanisha hawajastaafu, na bado wanamfuata hadi nyumbani.

"Namba ishirini elfu mia nne kumi na saba," akasoma. "Jina, Kimya. Baba, Yuteyute. Kijiji, Kutekute. Halafu hapa kuna tundu."

"Hilo ni tundu la waya, dada," alisema mwanamume aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Zamani kadi zilitungwa kwenye waya. Limekula neno Kabila, imebaki KA peke yake. Lakini jibu lipo, si unaliona? Mkutima. Ndiyo sisi hao."

Akajipiga kifuani. Fulana yake ya kijani ilikuwa na maandishi makubwa, UKOO WA WAKUTIMA, na chini yake, kwa herufi za mkato, Daima Pamoja. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, lakini nyumbani kwao hakuna aliyemwita mwalimu tena. Walimwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyeanzisha chama cha ukoo, akakiandikia katiba, akakichongea muhuri wa mpira, na kukifungulia kundi la simu lenye watu sitini na wawili. Kila mmoja na fulana yake.

Ukoo wote huo ulitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la karibu na mlango, mkoba mapajani, miguu haifiki chini vizuri. Bibi alikuwa na miaka themanini na miwili. Kimya alikuwa baba yake. Alifia katika hospitali ya kambi mwaka wa mwisho wa vita, miezi mitatu kabla Bibi hajazaliwa, akamwacha mama yake, mfua nguo wa askari, na mimba na jina hilo moja. Kwao ni wapi, hakusema. Jina lilimkaa sawasawa. Bibi akakulia si mbali na kambi akiitwa mtoto wa kambi, akaolewa akiitwa hivyo hivyo, na mawifi zake walipotaka kumkata maini waliuliza tu swali dogo: "Hivi wewe kwenu wapi?"

Sasa makaburi ya zamani ya jeshi yalikuwa yanahamishwa kupisha barabara. Askari anayejulikana kwao, jeshi lingemchukua kwa gari na heshima zake hadi kijijini kwao. Asiyejulikana kwao angetiwa pamoja na wenzake katika shimo moja, chini ya jiwe moja lisilo na jina la mtu. Orodha ilikuwa inafungwa leo saa kumi alasiri. Fomu ya Bibi ilikuwa imerudishwa mara mbili, na mara zote mbili imeandikwa kwa wino mwekundu: Kijiji hakipo.

"Mwanangu," Bibi aliita kutoka kwenye benchi, "mimi habari za tundu sizitaki. Nataka kujua baba yangu nikamlaze wapi."

"Ndiyo mama," Bi Lenzi alisema. "Nami ndilo ninalolitafuta, ila nina ugonjwa wa kuanzia kwenye matundu."

Ilikuwa saa nne kasoro. Bi Lenzi alikwisha kumaliza wiki mbili akihangaika na hicho Kutekute. Hakikuwemo kwenye ramani mpya wala za zamani. Kuna kijiji kimoja chenye jina la kukaribiana nalo, akakipigia simu, na ofisa wa huko akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hapa kwetu hajawahi kutoka askari," alimwambia. "Hata mgambo tunaazima kwa jirani." Njia hiyo ikafungwa. Iliyobaki ilikuwa hii kadi, na jengo hili la ghorofa mbili ambamo jeshi liliweka karatasi zake kuukuu.

Akaenda kwa Mtunza Nyaraka, mtu mwembamba wa makamo aliyevaa koti la kijivu na kuning'iniza funguo kiunoni kama mke mkubwa. Akamwomba kadi zote za kikosi cha Kimya.

"Zote?" Mtunza Nyaraka aliuliza. "Mama, ni droo nne."

"Basi tuanze na ya kwanza."

"Mnaruhusiwa droo moja kwa wakati. Hakuna kulamba kidole wakati wa kufunua. Na yule bwana wa kijani apunguze sauti."

Yule bwana wa kijani hakupunguza. Droo ya kwanza haijafika katikati, akaruka. "Mama! Mkutima mwingine huyu hapa!"

Bibi akanyoosha shingo. "Nani?"

"Huyu alikuwa mpishi wa jeshi! Na huyu naye... Mkutima! Na huyu!" Kufikia droo ya pili alikuwa na kumi na tisa. Kufikia ya tatu, thelathini na wanne, na vidole vyake vilikuwa vinahangaika kwenye simu kulitangazia kundi. "Dada, unajua maana yake? Sisi si ukoo mdogo. Karibu nusu ya kikosi ilikuwa yetu! Itabidi nirekebishe katiba."

"Wote hao ni ndugu zangu?" Bibi aliuliza polepole. "Sasa mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kunitazama?"

Mwenyekiti akajifanya anahesabu.

Bi Lenzi hakujishughulisha na Wakutima. Alikuwa amefungua daftari lake na kuandika namba tu. Kwenye droo tatu alikuta askari tisa wa kijiji cha Kutekute, na kati yao sita walikuwa watoto wa Yuteyute.

"Mzee Yuteyute alikuwa na nguvu zake," Mtunza Nyaraka alitania, akichungulia begani kwake.

"Tena za ajabu. Huyu mwanawe mmoja aliingia jeshini mwaka wa kwanza wa vita akiwa na miaka arobaini na minne. Huyu mwingine mwaka wa nne, ana kumi na saba. Huyu ni Mwislamu, huyu Mkristo, huyu ameandikiwa hana dini." Akagonga daftari kwa kalamu. "Na kuna hili pia. Angalia tarehe. Kila siku ya kuandikisha watu ina namba yake ya kwanza, yaani mtu aliyekuwa mbele ya mstari. Hakuna hata siku moja ambayo mtu wa mbele alitoka Kutekute. Wanakuja wa pili, wa tano, wa tisa. Kijiji gani hicho ambacho watu wake hawajui kuwahi?"

"Wachelewaji wapo, mama."

"Wapo. Lakini si tisa kwa tisa."

Droo ya nne ndiyo iliyokuwa na kadi zilizoongezwa mwishoni, na baadhi yake hazikuwahi kutungwa kwenye waya. Bi Lenzi alikuwa anazitafuta hizo tangu alipoliona tundu. Akachomoa moja nzima, isiyo na jeraha lolote, akaisoma, akaisoma tena kwa kioo. Kisha akafanya jambo alilozoea kuwafanyia washukiwa: akamkabidhi mwenye hoja karatasi yenyewe.

"Wewe ni mwalimu," alimwambia Mwenyekiti. "Nisomee hapa."

Mwenyekiti alisafisha koo. "Namba... jina... baba... kijiji... halafu..." Akasita. "Hapa pameandikwa Kazi. Siyo Kabila. Kazi."

"Enhe. Na jibu lake?"

"Mwatimu wa shute."

"Rudia."

"Mwatimu wa shute." Midomo yake iliendelea kucheza bila sauti. Alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na mitatu, na kosa la namna hiyo hata usingizini angelitia duara. "Mwalimu wa shule," akasema. "Huyu aliyepiga chapa ameona l akaandika t."

"Vizuri. Sasa twende kwa mkutima."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akaisoma fulana yake juu chini, herufi moja baada ya nyingine.

"Mkulima," alisema, kwa sauti ya mtoto aliyekosa hesabu ubaoni.

Cheko lililofuata lilitoka kwenye benchi. Bibi alicheka huku amejishika mbavu, akacheka mpaka mkoba ukamwanguka, akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani na kuanza upya. "Ukoo wa Wakulima! Yaani mwanangu umetukusanya, umetuvisha, umetutungia na wimbo, kumbe sisi ni wenye majembe tu!"

"Mama, nimeshatuma kwenye kundi. Thelathini na wanne, nimewaambia."

"Basi waambie walete na mbegu."

Hata Mtunza Nyaraka alishindwa kujizuia, akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Alipopata pumzi akaeleza. Hizi kadi hazikuandikwa siku ile askari alipojiunga. Siku ile karani aliandika kwa mkono kwenye daftari kubwa la uandikishaji, kwa mpangilio wa namba, mstari kwa mstari. Miaka mingi baadaye ndipo alipoletwa mpiga chapa kutoka ng'ambo, mtu asiyejua hata neno moja la lugha hii, akanakili kila mstari kwenye kadi yake na kadi zikapangwa kwa majina.

"Na karani yule alikuwa na tabia ya kukata l zake kwa kistari akiwa na haraka," Bi Lenzi alimalizia. "Mpiga chapa akaona t. Alikuwa anadonoa herufi tu kama kuku, maana yake hakuijali." Akaandika kwenye daftari lake maneno mawili kwa herufi kubwa na kuligeuza wote walione.

KULEKULE. YULEYULE.

Mwenyekiti alikunja uso. "Lakini dada, hata Kulekule hakuna kijiji hicho. Na mzee gani anaitwa Yuleyule?"

Bi Lenzi alivuta kiti, akakaa nyuma ya meza, akashika kalamu mkao wa karani aliyechoka. "Simama hapa mbele yangu. Mama, na wewe njoo usimame nyuma yake. Haya. Wewe wa kwanza, unakaa wapi?"

"Mimi? Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha maturubai."

"Nyumba ya nani?"

"Ya marehemu baba."

"Pita. Wa pili! Unakaa wapi?"

"Si kulekule," Bibi alisema.

"Nyumba ya nani?"

"Si yule..." Bibi hakumaliza. Mkono ulimpanda mdomoni, ukakaa hapo. Mwenyekiti aligeuka akamtazama mama yake, na safari hii naye alikuwa ameelewa kabla hajaulizwa.

"Karani aliuliza," Bi Lenzi alisema, "na askari akajibu kama mtu yeyote angejibu. Karani naye hakuona haja ya kurudia, maana jibu lilikuwa mstari wa juu tu, sentimita moja kutoka hapo. Kwenye daftari lilieleweka vizuri kabisa. Lilipokatwa vipande vipande kuwa kadi ndipo kijiji kikazaliwa. Mama, wale tisa si ndugu zako. Ni watu waliosimama nyuma ya jirani au ndugu zao. Lakini baba yako hakusema kulekule peke yake. Alisema na yuleyule."

"Mtu wa mbele yake alikuwa mtoto wa baba mmoja naye," Bibi alinong'ona.

"Ndiyo."

"Baba yangu alikuwa na ndugu," Bibi alisema, safari hii kwa sauti, kana kwamba anawatangazia waliokuwa nje. "Mimi nina watu!"

Saa ya ukutani ilionyesha saba na dakika kumi. Bi Lenzi alimgeukia Mtunza Nyaraka. "Naomba daftari la uandikishaji. Nahitaji namba moja tu, ishirini elfu mia nne kumi na sita. Kadi yake haimo kwenye droo hizi, huenda alipelekwa kikosi kingine, na bila jina hatuwezi kuitafuta huko."

Tabasamu lilimwishia Mtunza Nyaraka palepale. "Madaftari hayapo, mama."

"Yamekwenda wapi?"

"Mvua. Miaka tisa iliyopita paa lilivuja, yote yakaharibika. Nilitoa taarifa mwenyewe."

"Pole sana. Naweza kuona orodha yenu ya stoo?"

Hakuwa na sababu ya kukataa, akaileta. Bi Lenzi alipekua hadi ukurasa wa madaftari ya uandikishaji. Mstari mmoja ulikuwa umepitishwa juu ya yote saba. Akauangalia bila kioo, hakukihitaji.

"Ukurasa wa tatu hapa, sanduku la picha lililoungua. Umelikata kwa kitu gani?"

"Kwa wino."

"Ukurasa wa tano, mafaili yaliyoliwa na mchwa?"

"Wino," alisema.

"Na haya madaftari?"

Mtunza Nyaraka alitazama funguo zake.

"Penseli," Bi Lenzi alisema. "Wewe ni mtu makini, nimekuona tangu asubuhi. Kitu kilichokwisha unakikata kwa wino. Hiki umekikata kwa penseli kwa sababu unajua ipo siku utataka kufuta."

"Wewe mama ulikuwa polisi?"

"Nilikuwa. Sasa ni mtu wa kawaida mwenye haraka. Kwenye taarifa yako uliandika neno gani hasa? Yameharibika?"

"Niliandika yamelowa. Yamelowa na hayafai kutumika. Mkubwa wangu alitaka taarifa siku ileile, sikuwa na wakati wa kufungua masanduku. Baadaye nikaogopa kuyafungua. Nikiyakuta mazima nitakuwa nimedanganya, nikiyakuta yameoza nitakuwa nimezembea. Nikayaacha."

"Miaka tisa?"

"Unapita mlangoni unaangalia upande mwingine. Unazoea."

"Sasa sikiliza, kaka yangu. Hukuandika yamekufa, uliandika yamelowa. Kitu kikilowa si kinakauka? Taarifa yako ni ya kweli tupu. Leo unaandika nyingine: yamekauka."

Mtunza Nyaraka alimwangalia, akamwangalia Bibi, akashika ufunguo mmoja mdogo wenye kutu. Walimsikia akipanda ngazi, kisha mlango uliogoma, kisha vitu vizito vikiburutwa. Walisubiri zaidi ya saa nzima. Mwenyekiti alivua fulana yake chooni na kuivaa upya nje ndani. Bibi hakurudi kwenye benchi. Alisimama kando ya meza na kushika ukingo wake, na hakutaka kuambiwa akae.

Mtunza Nyaraka aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na kifuani amekumbatia daftari lenye ukubwa wa sinia. Kurasa zilikuwa zimejikunja na kupata madoa ya chai, lakini wino wa karani ulikuwa umeshika. Alilifungua kwa mikono miwili. Zile l zilikuwa pale, kila moja na kistari chake.

"Mama, usisogee kwanza," Bi Lenzi alisema. "Nina swali kabla hujaona chochote. Mama yako aliwahi kukuambia lolote kuhusu mwili wa baba yako? Urefu, alama, chochote?"

Bibi alifikiri. "Aliniambia mikono. Alikuwa na makovu madogo madogo ya kuungua, mikono yote, mpaka kwenye viwiko. Mama alimuuliza kama ni ya vitani. Akamwambia hapana, haya ya nyumbani."

"Haya ya nyumbani. Asante." Ndipo akaweka rula chini ya mstari na kusoma kwa sauti.

"Ishirini elfu mia nne kumi na sita. Jina, Tarumbeta. Baba, Mhunzi. Kijiji, Kwa Mhunzi, ng'ambo ya mto. Kazi, mfua vyuma. Halafu safu ya alama za mwili, na hii imeandikwa na mkono mwingine, wa daktari. Makovu ya moto, mikono yote." Akashusha rula mstari mmoja. "Ishirini elfu mia nne kumi na saba. Jina, Kimya. Baba, yule yule. Kijiji, kule kule. Kazi, mkulima. Alama za mwili. Daktari hakuandika vile vile, ameandika upya kwa kirefu. Makovu ya moto, mikono yote."

Bi Lenzi akafunga kioo chake ndani ya mfuko wake wa ngozi. "Mmoja alifua, mwingine alilima, lakini wote wawili walikulia kwenye cheche za baba yao. Karani anasema ni ndugu, na daktari, ambaye hakumsikia karani, anasema hivyo hivyo. Mama, twende chini."

Dirisha la fomu lilikuwa ghorofa ya chini. Karani wa dirisha, binti mwenye kalamu nyekundu sikioni, alimtambua Bibi na kuvuta pumzi. "Bibi yangu, nilishakueleza, kijiji hicho hakipo."

"Ulikuwa sahihi," Bi Lenzi alisema. "Sasa tutafutie Kwa Mhunzi."

Binti alipekua kitabu chake cha vijiji. "Kwa Mhunzi viko viwili. Kimoja kiko uwanda wa juu, huko hata kisima ni shida. Kingine..." Kidole kikasimama. "Kimeandikwa hapa, ng'ambo ya mto. Lakini nahitaji uthibitisho wa ofisi, siwezi kuandika kwa maneno tu. Na mtu wa huko akubali kumpokea marehemu. Ni saa tisa na nusu."

"Uthibitisho huu hapa," ilisema sauti nyuma yao. Mtunza Nyaraka alikuwa ameshuka na daftari lake zima, vumbi na yote, mbele ya watu wote wa foleni. Akaliweka kaunta, akatoa nakala ya ukurasa ule na kuipigia muhuri, akatia sahihi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kitabu kilikuwa na simu ya ofisa wa kijiji. Binti alipiga na kuweka spika. Iliita, ikakatika, akapiga tena.

"Tarumbeta?" alisema ofisa wa huko. "Mzee Tarumbeta alishafariki siku nyingi. Ila mwanawe yupo, namwona kutoka hapa, amekaa mlangoni pake. Ngoja nimpelekee. Sema kwa nguvu, masikio yake yamechoka."

Wakasikia hatua, mbwa, mlango. Halafu sauti kavu ya mtu mzima ikasema, "Nani?"

Binti akasukuma simu upande wa Bibi. Bibi akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi binti wa Kimya!"

"Wa nani?"

"Wa Kimya! Ndugu yake Tarumbeta! Aliyefia kambini!"

Binti akachungulia kioo cha simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Baba alirudi huko kambini," sauti ilisema hatimaye. "Mara tatu alirudi. Alisema mdogo wake ameacha mwanamke mjamzito, mfua nguo. Akaambiwa amehama. Safari ya tatu akakuta hata kambi haipo."

"Tulihamia ng'ambo ya reli," Bibi alisema. "Si mbali. Angevuka tu reli."

"Baba amekufa akiuliza kama ni wa kike au wa kiume."

"Wa kike," Bibi alisema, na hapo sauti ikampasuka. "Ni wa kike, nipo."

Mwenyekiti alimshika mama yake bega. Foleni nzima ilikuwa imeacha kusukumana.

"Una miaka mingapi?" sauti iliuliza.

"Themanini na miwili."

"Mimi themanini na sita. Basi mimi ndiye mkubwa."

Bibi alifuta uso kwa kiganja. Watu wote aliowahi kuwaamkia walikwisha kuzikwa. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa ni mtu wa kuitikia tu, asubuhi mpaka jioni. Akajinyoosha, akashusha kitambaa cha kichwani vizuri kama vile anaonekana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," simu ilisema. "Sasa niambie mnamleta lini, tupate kuchimba."